Chanjo ya Shemeji

Mbwa alimng'ata Kidoti Jumanne alasiri, wakati Daktari amekaa kizingitini na kitabu mapajani, huku akilitikisa kwa mguu beseni la paka ili watoto wa paka watatu waliomo walale, na yeye apate kusoma. Hakuwa daktari. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo cha afya ya mifugo, na kesho yake asubuhi alikuwa na mtihani wa kumalizia. Lakini majirani walishampandisha cheo siku alipomtoa kuku wa mwenye nyumba uzi kooni, na cheo cha majirani hakisubiri cheti.

Alisikia bakuli likigonga sementi, kisha kilio. Alipofika uani, alimkuta mtoto amejishika mkono, na mbwa amerudi nyuma mpaka ukutani, mkia katikati ya miguu.

"Nilikuwa namsogezea chakula," Kidoti alisema kwa kwikwi. "Nilitaka asile mchanga."

Alikuwa na miaka sita, binti pekee wa mshonaji wa chumba cha pili, na jina lake lilitokana na kidoti cheusi alichozaliwa nacho shavuni. Daktari alimbeba mpaka bombani, akafungulia maji, akasugua jeraha kwa sabuni, akasuuza, akasugua tena kama alivyofundishwa. Yalikuwa matundu mawili juu ya kifundo cha mkono, na damu yake haikuwa nyingi. Mama Kidoti alikuja mbio na futi ya kupimia shingoni, pini zimembaki mdomoni. Ilibidi azitoe moja moja kwanza ndipo aseme.

"Ni mbwa?"

"Ni mbwa, dada. Alikuwa anakula. Nisamehe, huu mlango wa uani kuufunga ni kazi yangu, nikapitiwa na kitabu."

"Huyu mliyeletewa juzi juzi?"

"Huyu huyu."

Mama Kidoti akamtazama mbwa, akautazama mkono wa mwanawe. "Amechanjwa?"

"Amechanjwa. Mume wangu alimpeleka Jumamosi."

"Sasa nimpeleke hospitali au nisimpeleke? Sema wewe, ndiye daktari wetu. Nina sare za shule nzima zinatakiwa Ijumaa, na hospitali ukiingia asubuhi, jua linakuzamia benchini."

Kitabu kilichobaki kizingitini kilikuwa na jibu, na Daktari alilijua jibu hilo kwa moyo. Lakini dirisha la mwenye nyumba lilikuwa wazi juu yao, na mwenye nyumba alikwisha kusema, zaidi ya mara moja, kwamba yeye alipangisha watu na si zizi. Neno hospitali lingepanda mpaka dirishani. Tena zilibaki sura tatu hajazigusa, na jua lilikuwa limeshageuka.

"Akiwa na chanjo, hatari ni ndogo," alisema. "Na nimeliosha vizuri. Tutamwangalia mbwa siku kumi. Akibaki mzima, hakuna neno. Ukiona mkono unavimba tu, tunakwenda wote."

"Haya," Mama Kidoti alisema, na mabega yake yakashuka. "Neno lako linanitosha."

Akamchukua mwanawe ndani, na baada ya muda mfupi cherehani ilianza kuunguruma tena.

Mbwa mwenyewe aliitwa Shemeji. Jina hilo alipewa na mume wa Daktari, fundi wa mafriji, kwa sababu alikuja kwa siku mbili, akapewa mahali pa kulala, akala akashiba, na habari ya kuondoka ikawa haizungumzwi. Kituo cha wanyama waliookotwa hakikuwa na nafasi. Kiliwagawa kwa watu wenye moyo, wawalee mpaka wapatikane wa kuwachukua moja kwa moja, na chuo kilimhesabia Daktari malezi hayo kuwa mafunzo ya vitendo. Kabla ya Shemeji alipita sungura aliyevunjika mguu, kisha bata asiyeona, kisha huyu paka na ukoo wake. Vyumba vilikuwa viwili tu. Tangu mbwa apewe jina hilo, Mama Kidoti aliacha kumwita mume wa mwenzake shemeji, asije akaitikiwa na mkia. Akawa anamwita Fundi kama watu wengine.

Fundi alirudi jioni na begi la spana begani, shati likinuka gesi. Mkewe alimsimulia yote akiwa bado amesimama mlangoni.

"Bahati yetu ulimpeleka," alimalizia. "Hapa tungekuwa tunaongea mengine."

Fundi aliliweka begi chini taratibu, kana kwamba ndani yake mna mayai. "Mtoto yuko vipi?"

"Amelala. Kadi ya chanjo iko wapi? Mama Kidoti akiitaka nimwonyeshe."

"Iko kituoni," alisema. "Walisema wataijaza."

Maneno hayo yalitoka yenyewe, hakuyaita. Jumamosi alitoka na mbwa kweli, kamba mkononi, na walikuwa wamefika nusu ya njia simu ilipolia. Muuza nyama fulani friji lake kubwa lilikuwa limekata roho, na nyama ya siku mbili imo ndani. Kazi hiyo haikupitia kwa bosi, na malipo yake yalikuwa mkononi. Fundi alimfunga Shemeji kwenye nguzo nyuma ya bucha, mbwa akala mifupa kutwa nzima, na walipomaliza kituo kilikuwa kimefungwa. Mwezi huo alikuwa ameshamwahidi mkewe mambo matatu na hakutimiza hata moja. Kwa hiyo alipoulizwa mlangoni kama mbwa amechanjwa, alisema tayari, akipanga ampeleke Jumatatu. Jumatatu ikapita kama zinavyopita.

Mezani Fundi alitafuna tonge moja mpaka likawa maji. Mkewe alikuwa akisoma huku akila, midomo ikicheza bila sauti, mkono mmoja ukimtafuta paka chini ya meza. Fundi akainuka akaangalia komeo la mlango wa uani, akarudi, akainuka tena.

"Una nini leo?" Daktari aliuliza bila kuinua macho. "Umekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Joto tu."

Kabla hajakaa, Mama Kidoti akabisha hodi. Alikuja kusema kwamba mtoto hana homa na amekula. Alipomwona Fundi, akampa mkono.

"Asante, Fundi. Wanaume wengine hapa mbwa wangempa teke, wala wasingehangaika na chanjo Jumamosi nzima. Mngekuwa watu wa hivi hivi, leo ningekuwa nalia."

"Hapana shida," Fundi alisema.

Alimshika mkono akamwachia. Alipogeuka alijifanya anatafuta maji ya kunywa, akanywa vikombe viwili mfululizo.

*

Asubuhi Daktari alitoka mapema na kalamu mbili nyweleni. Alipopotelea tu kwenye kona, Fundi alimfunga Shemeji kamba, wakaenda kituoni karibu mbio, mtu akimvuta mbwa na mbwa akitaka kunusa kila nguzo. Simu ililia njiani. Alikuwa bosi. Fundi akairudisha mfukoni ikilia.

Mkuu wa kituo alikuwa mama mtu mzima mwenye buti za mpira na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa akimwaga maji machafu mtaroni, na hakuacha.

"Nimemleta achanjwe," Fundi alisema.

"Nilikungoja Jumamosi."

"Jumamosi nilibanwa." Akakohoa. "Hivi, mama, chanjo ya leo inaweza kufanya kazi kwa kitu cha jana?"

Yule mama akaitua ndoo. "Amemng'ata nani?"

"Mimi sijasema amemng'ata mtu."

"Mwanangu, swali hilo haliulizwi bure."

Fundi akamtazama Shemeji, aliyekuwa amejilaza juu ya kiatu chake. "Mtoto wa jirani. Mkononi."

"Hospitali amepelekwa?"

"Hajapelekwa. Mke wangu aliwaambia mbwa ana chanjo."

"Na mkeo nani alimwambia?"

Fundi akaizungusha kamba kiganjani, na yule mama hakurudia swali. Alifuta mikono kwenye aproni, akasogea karibu, akazungumza kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ilimtisha Fundi kuliko kama angefokewa.

"Huyu simchanji leo, maana chanjo ya leo haifuti ya jana. Mfungie, umwangalie siku kumi. Hapa sina banda hata moja tupu, ndiyo maana analala kwenu. Lakini mtoto hangojwi siku kumi. Mtoto anapelekwa leo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kujionyesha kwa mtu, hakuna hospitali itakayomrudisha. Pengine mbwa huyu ni mzima kabisa. Ukiniuliza, nitakwambia anaonekana mzima. Ungemweka mwanao rehani kwa hilo neno pengine?"

"Nisingeweza."

"Basi nenda."

*

Alirudi kama mtu aliyemeza kisu. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumwambia Mama Kidoti. Alipoyapata na kufika uani, mlango wa chumba cha pili ulikuwa na kufuli.

"Kaenda kwa dada yake," mwenye nyumba alisema kutoka dirishani. "Kabeba sare zote na mtoto. Huko wana cherehani ya umeme, watasaidiana mpaka Ijumaa."

"Dada yake anakaa wapi, mama?"

"Mimi nitajuaje? Muulize mkeo, yeye ndiye aliyewahi kwenda naye." Akaegemea. "Na huyo mbwa mbona unamfunga minyororo miwili? Jana alilia mtoto hapa. Mnanificha nini?"

"Nikirudi nitakueleza, mama. Nakuomba mtu asifungue huu mlango."

Alimpigia Mama Kidoti. Simu iliita mpaka ikachoka. Alipiga tena akiwa barabarani, na tena akiwa kwenye geti la chuo, ambako mlinzi alimzuia kwa sababu hakuwa na kitambulisho. Akabaki nje, juani, akienda na kurudi kando ya uzio. Simu ikalia, akairukia. Alikuwa bosi.

"Nina wateja watatu hapa wanaoza," bosi alisema. "Uko wapi?"

"Nina tatizo la nyumbani."

"Nani mgonjwa?"

Fundi alifungua mdomo. Kusema mke anaumwa kungekuwa rahisi, na lingeaminiwa. "Hakuna mgonjwa," alisema. "Nimekosea jambo, nalirekebisha. Leo siji."

"Basi na kesho usije," bosi alisema, akakata.

Wanafunzi walianza kutoka. Daktari alikuwa katikati ya wenzake, kalamu moja imebaki nyweleni, anacheka. Fundi hakuwa amemwona akicheka hivyo tangu vitabu vianze kulala nao kitandani. Alipomwona mumewe uzioni, kicheko chake kilipanuka.

"Umekuja kunipokea? Leo jua litachwea mashariki." Akamshika mkono, wakaanza kutembea. "Swali la nne lilikuwa kichaa cha mbwa. Nimelijibu lote, hata nikakosa nafasi ya kuandikia." Hatua chache mbele kicheko kikakatika. "Lakini nilipokuwa naandika nikaona aibu. Nimeandika aliyeng'atwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, mbwa awe wa yeyote. Halafu jana nikamwambia mtu abaki nyumbani. Tukifika tu namwambia Mama Kidoti aende. Hata kama ulimchanja, aende."

"Sikumchanja," Fundi alisema.

Daktari akasimama. Wenzake waliwapita kulia na kushoto.

"Sema tena."

"Jumamosi sikufika kituoni. Nilipata kazi buchani. Nilikwambia tayari ili tusigombane."

Alisubiri afokewe. Mkewe alimtazama usoni kwa muda, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo, kisha akauachia mkono wake.

"Na jana jioni?" aliuliza. "Nilipokushukuru? Alipokuja yeye kukushukuru?"

"Nilitaka kusema."

"Usiniambie ulichotaka." Aliichomoa ile kalamu nyweleni, akaitia ndani ya mkoba. "Mtoto yuko wapi?"

"Wamekwenda kwa dada yake. Simu haipokelewi."

"Kwa dada yake ni mbali," Daktari alisema. "Tembea."

*

Walichukua pikipiki mbili, maana Daktari hakutaka kupanda moja pamoja naye. Nyumba ya dada ilikuwa nyuma ya maghala, na ngurumo ya cherehani ilisikika tangu barabarani. Ndiyo iliyomeza mlio wa simu. Mama Kidoti na dada yake walikuwa wamezama kwenye lundo la kitambaa cha buluu, na Kidoti alikuwa sakafuni akipanga vifungo kwenye kifuniko cha kopo, mkono umefungwa kitambaa safi.

"Jamani, mtihani umekwendaje?" Mama Kidoti aliuliza kwa furaha. Kisha akaziona nyuso zao. "Kuna nini?"

"Dada, jana nilikosea," Daktari alianza.

"Ngoja," Fundi alisema. "Ni mimi. Mbwa hana chanjo. Nilimwambia mke wangu nimempeleka, na sikumpeleka. Yeye alikwambia alichokiamini. Mtoto inabidi aende hospitali sasa hivi."

Mguu wa Mama Kidoti ulitoka kwenye pedali. Vifungo vya Kidoti vikasikika vikigonga kifuniko.

"Jana jioni nilikupa mkono," alisema.

"Ndiyo."

"Nikakushukuru. Ukanijibu nini?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Nilisema hapana shida."

"Hapana shida," Mama Kidoti alirudia polepole, na machozi yakamlenga, lakini hayakushuka.

Dada yake ndiye aliyepaza sauti. "Watu wazima wawili mnacheza na majibwa ya kuokota, halafu majaribio yenu mnafanyia watoto wa wenzenu. Zaeni wa kwenu, mjaribie huko."

Neno hilo lilimwingia Daktari mahali ambapo mwenye kulisema hakupajua, akavuta pumzi, akalimeza. Mama Kidoti alikuwa amekwisha kuinuka, anamvika mtoto viatu, vidole vikikosa kamba.

"Na wewe?" alisema bila kumtazama. "Tuache yake. Nilikuuliza wewe, nimpeleke au nisimpeleke."

"Kitabu kilisema umpeleke."

"Na wewe ukasema?"

"Nikasema usiende. Nilimwogopa mwenye nyumba. Halafu nilikuwa na mtihani, nikataka lile jambo liishe upesi."

Mama Kidoti alifunga kamba ya pili, akambeba mwanawe ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa. "Dada, endelea na kola," alisema. "Nyinyi tangulieni mkatafute usafiri."

*

Hospitali walikaa benchi moja, Mama Kidoti na mtoto ncha hii, Fundi ncha ile, Daktari katikati kama mpaka wa shamba. Kila mlango ulipofunguliwa wote wanne waliinua vichwa. Fundi hakuweza kukaa. Alisimama, akasoma tangazo la kunawa mikono, akarudi, akalisoma tena.

"Shemeji amefungwa jela?" Kidoti aliuliza.

"Amefungwa nyumbani," Daktari alimjibu.

"Yeye hakufanya makusudi. Mimi ndiye niliyeshika bakuli."

"Wewe huna kosa hata kidogo, mama," Daktari alisema. "Hata yeye hana."

Muuguzi aliwaita. Alikuwa kijana mchovu mwenye sauti kavu, akauliza haraka haraka huku akifungua kitambaa. "Ameng'atwa lini?"

"Jana," Mama Kidoti alisema.

"Jana? Na leo jioni ndiyo mnakuja?"

Fundi akasogea mbele. "Kosa ni langu. Nilidanganya kwamba mbwa amechanjwa, mama mtu akaniamini, ndiyo maana..."

"Kaka, sikuuliza kosa la nani," muuguzi alisema. "Niliuliza lini, nijue pa kuanzia. Subiri nje, chumba ni kidogo."

Akatoka. Alikuwa amejikaza njia nzima kwa ajili ya kusema maneno hayo, na hapakuwa na aliyeyahitaji. Nyuma ya mlango alimsikia Kidoti akilia sindano ya kwanza, ile inayochomwa kwenye jeraha lenyewe, na kilio hicho alikisikiliza chote mpaka mwisho. Ndipo muuguzi akatoa kichwa na kusema kwamba ya pili, ya begani, imewaishia hapo hospitali. Iko duka la dawa la ng'ambo. Fundi alivuka barabara mbio. Alilipa kwa fedha za muuza nyama, ambazo alikuwa hajazigusa, na zilipokwisha aliona afadhali zimetoka mfukoni mwake.

Wakati wa kuondoka waliambiwa kuna sindano nyingine za kurudia. Muuguzi alisema wamewahi, mtoto hana neno, ila wasikose hata moja. Mama Kidoti aliitikia kila neno kwa kichwa. Nje alipanda usafiri na mwanawe peke yao, akarudi kwa dada yake. Hakuaga.

*

Siku zile kumi nyumba haikutulia. Daktari alimchunguza Shemeji asubuhi na Fundi jioni: anakunywa maji, anameza, anatembea sawa, anajua jina lake. Akipiga chafya, wote wawili wanakimbilia uani. Akilala sana, wanamwamsha. Mbwa akaanza kuwatazama kwa shaka, kama mgonjwa anayeona madaktari wake wanagombana.

Baina yao wenyewe yalizungumzwa ya lazima tu. Sabuni imekwisha. Paka mdogo amefumbua jicho la pili. Bosi amekubali arudi, lakini mwezi mzima atafagia karakana baada ya kazi, mbele ya vijana aliowafundisha mwenyewe. Mwenye nyumba alikuja na kauli moja: mwisho wa mwezi atoke mbwa, au watoke wao.

Siku moja, Mama Kidoti na mwanawe wakiwa wamekwisha kurudi chumbani kwao, Shemeji alikataa chakula. Aligeuza uso akalala. Daktari akapiga magoti kwenye sementi, akamfungua mdomo kwa vijiti akiwa amevaa glavu. Fundi alisimama nyuma yake na tochi ingawa jua lilikuwa bado lipo.

"Kama ni chenyewe?" Fundi aliuliza.

"Mtoto ameshachomwa zote za mpaka leo. Amekingika." Alisema hivyo kama anayejisomea. "Ila huyu atakufa mikononi mwetu."

Walisikia kitu kikianguka kwa kishindo kidogo. Kipande cha mkate kilikuwa kimetua uani kutokea juu ya ukuta, kikafuatiwa na kingine. Shemeji akainuka kivivu, akavinusa, akakosa nafasi tumboni, akarudi kulala. Upande wa pili wa ukuta nyayo ndogo zikakimbia. Kule pembeni, chini ya karo la kufulia, Daktari aliona maganda mengine ya mkate, ya kutwa nzima.

Alikaa chini, glavu mkononi, akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akalia. Fundi akachuchumaa karibu, asimguse.

"Unajua kilichoniuma?" Daktari alisema baadaye. "Nilikuweka mdomoni mwangu. Mtu ananiuliza, nami najibu mume wangu amempeleka, sikufikiri mara mbili. Nilisema hivyo kama mtu anayesema jua limechomoza."

"Sitarudia."

"Usiape. Wewe fanya tu. Nitakuwa naona."

Siku kumi zilipita na mbwa akiwa mzima. Fundi mwenyewe ndiye aliyempeleka kituoni, akachanjwa mbele ya macho yake, na wiki hiyo hiyo akapatikana mzee mwenye bustani ya miche aliyetaka mlinzi. Kidoti alimuaga kutoka mbali, mkono wake umefumbatwa kwenye kiganja cha mama yake. Mama Kidoti alikuwa amerudi chumbani kwake, sare amezikabidhi. Alijibu salamu. Hakupita tena mlangoni kwao na hakumwita tena mwenzake Daktari, alimwita jirani.

Ndipo asubuhi moja akabisha hodi. Fundi ndiye aliyefungua. Mkewe alikuwa chuoni kuangalia matokeo.

"Leo ni sindano ya mwisho," Mama Kidoti alisema. Alikuwa na futi shingoni na macho mekundu ya kukesha. "Nina gauni la bibi harusi, mchana wanalifuata. Jirani yupo?"

"Ametoka. Nitampeleka mimi."

Alisema hivyo kisha akajuta, maana aliliona jinsi lilivyopokelewa. Mama Kidoti alimtazama kwa muda mrefu. Kidoti alikuwa kando yake, amekwisha kuvaa viatu, kushoto kulia na kulia kushoto.

"Mpeleke," alisema mwisho.

Walikwenda kwa miguu. Karakana ilijua atachelewa. Alikuwa ameshapiga simu na kusema kwa nini. Benchi lilikuwa refu, na Kidoti alimweleza habari za mbwa wa mzee wa miche, za meno yake mawili yanayotikisika, na kwa nini paka hawavai viatu. Sindano ilichukua muda mfupi. Hakulia, alifumba macho tu na kumbana Fundi kidole mpaka kikawa cheupe.

Waliporudi, cherehani ilinyamaza kabla hawajafika mlangoni.

"Amechomwa," Fundi alisema.

Mama Kidoti alimvuta mwanawe katikati ya magoti yake, akampandisha mkono wa blauzi mpaka begani, akalitafuta tundu la sindano kwa kidole. Alilipata, jekundu, dogo, bado na harufu ya spiriti. Akalitazama, kisha akaushusha mkono wa blauzi na kuunyoosha vizuri.

Fundi alisimama pale mlangoni mpaka alipomaliza. Hakukasirika. Aliona kwamba hata yeye, angekuwa na mtoto, angetazama.

"Asante," Mama Kidoti alisema, na safari hii alimtazama. "Pita ndani, unywe maji. Jua ni kali."